Mafundo Kumi na Matatu

Katumba, Jumatano, 20 Novemba 1996

Mvua ya kwanza imenyesha mchana kwa fujo, ikakatika, ikarudi alasiri kwa adabu zaidi. Kondoo hawapendi mvua. Majike wote tisa wamejibanza chini ya upenu wa jiko, dume lao katikati, wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeileta.

Daftari hili la hesabu, lenye miraba, alilibakiza binti yangu alipokwenda kusoma Mpanda mjini. Yeye na mdogo wake wanakaa kwa dada yangu, Makanyagio. Mume wangu Jean-Marie yuko Inyonga kwenye tumbaku za watu mpaka masika yaishe. Nyumbani tumebaki mimi na mama yake, Séverine, ambaye namwita Mabukwe, kama Kirundi kinavyowaita mama wakwe. Mabukwe huongea akitaka yeye. Basi mimi nitaongea na daftari.

Kondoo si wangu. Ni wa Mzee Manyanda, Msukuma mwenye ng'ombe wengi ng'ambo ya mto, ambaye hana mtu wa kuwaangalia kondoo. Sharti letu ni hili: katika kila wanakondoo watatu watakaozaliwa kwangu, mmoja ni wangu. Sijawahi kuwa na kitu kinachozaa. Nina mahindi, na mahindi yangu ni mazuri, lakini siku ya kukimbia huwezi kuyaswaga mbele yako. Kondoo anatembea. Tulipokimbia Burundi nilikuwa na miaka tisa, kwa hiyo najua ninachosema.

5 Desemba

Mvua. Kuni mbichi. Nimenuna tangu asubuhi na sijui nimemnunia nani.

21 Desemba

Dume amewaacha. Mwezi uliopita alikuwa hawapi nafasi hata ya kula. Sasa akisogea wanamkimbia, naye anakwenda kusimama peke yake ukutani, amesusa. Mabukwe anasema wote wameshika mimba.

"Wote? Umejuaje, Mabukwe?"

"Sikia wanavyotafuna."

Nimekaa zizini nikasikiliza. Wanatafuna kama kondoo. Lakini nilivyozidi kukaa, na mvua ilivyozidi kupiga juu ya nyasi za paa, nikaanza kusikia kama kuna polepole fulani ambayo zamani haikuwapo, kama mtu anayekula huku akifikiria jambo zuri. Nikajicheka, nikaenda kusonga ugali.

Jike mmoja mweusi mwenye kichwa cheupe nimemwita Bi Harusi, kwa ajili ya shela lake, na kwa kuwa anatembea akitaka atazamwe.

9 Januari 1997

Ukungu umekaa mpaka saa nne. Nilipofika zizini sikuwaona kondoo, niliona pumzi zao tu, vijiwingu vinatoka ndani ya wingu. Sijui nilisimama pale muda gani. Nilihisi kwamba nikitembea nitakanyaga kitu kilicholala.

Mabukwe alikuwa humohumo, amechuchumaa, kiganja chake kiko chini ya tumbo la kondoo. Macho yake yameota utando, haoni zaidi ya mlango. Ila mikono yake ndiyo iliyopokea nusu ya watoto wa Katumba. Alikuwa mkunga tangu vijiji hivi vinafyekwa.

Juu ya moto wake zinaning'inia kamba za katani, moja kwa kila mama aliyepita mikononi mwake. Akimpapasa mama na kujua waliomo ni wangapi, hasemi. Anafunga fundo. Akisema kwa mdomo, anaamini, wanasikia na kuogopa kutoka. Leo nimezipangusa masizi. Ya jirani yetu Spès ina mafundo matatu, na Spès ana watoto wawili. Nikamwambia amekosea.

"Nilihesabu waliokuwemo," akasema. "Mbona wewe unahesabu wanaokimbia uani?"

Kuna nyingine fupi, nyembamba, nyeusi kuliko zote. Ina mafundo saba. Nilipouliza ya nani, alijifanya hasikii. Akitaka hasikii, Mabukwe ana masikio mabovu kuliko macho.

30 Januari

Kwato zinaoza kwa matope. Nimezisafisha za wote tisa, mmoja baada ya mwingine. Mgongo si wangu tena.

Jumamosi, 22 Februari

Leo nina mengi.

Mzee Manyanda alikuja asubuhi na Bwana Mifugo, Telesfori, kwenye baiskeli moja, mabuti ya mvua yamejaa tope mpaka magotini. Mzee alikuwa ametuma neno jana kwamba kondoo wasile, matumbo yawe matupu. Sikujua kwa nini. Nilipowapa uji ndipo akasema.

"Mayu," akaniambia, maana Wasukuma humwita hivyo mwanamke wanayemheshimu, nami nilifurahi kabla ya kusikia kilichofuata. "Mwaka juzi kondoo wangu nilimwachia mtu mmoja. Kila nikienda, ananiambia fisi. Fisi gani huyo anayekula wanakondoo halafu anaanika ngozi juani? Mi sikusemi wewe. Lakini safari hii nataka hesabu ya waliomo kabla hawajatoka. Wakipungua na mzoga sijauona, nachukua kondoo wangu wote, na wewe hupati hata mmoja."

Nilimjibu kwamba katika maisha yangu sijaiba hata jani la mhogo. Nilijibu kwa sauti kubwa. Najijua.

Bwana Mifugo akaanza. Alisimama nyuma ya kondoo, akapitisha mikono yote miwili chini ya tumbo, mbele kidogo ya kiwele, akainua na kuachia, akainua na kuachia. Aliushika mkono wangu, akauweka palepale nijaribu. Ndani mle kitu kigumu kilielea, kikarudi polepole, kikanigonga kiganja. Kwa muda zizi zima lilikuwa mbali, nami nilikuwa nabisha hodi kwenye nyumba ya mtu aliyelala.

Alipomaliza wote tisa alisimama, akajipangusa. "Wote wana mimba, mzee. Hongera."

"Wangapi?"

"Nimekwambia, wote tisa."

"Waliomo, bwana! Waliomo wangapi?"

"Mkono unajua kama yumo. Wangapi, haujui. Ng'ambo huko nasikia kuna mashine, unaona mtoto kwenye kioo kama televisheni. Hapa Mpanda hata televisheni yenyewe unaitafuta."

Manyanda akageuka kutafuta fimbo yake. Alikuwa anataka kuwachukua. Niliona kondoo tisa wakivuka mto na ule mgongano mdogo wa kiganjani ukienda nao, na nilitaka kulia mbele ya wanaume, mimi Prisila, ambaye hata mazikoni watu hunitegemea niimbe.

"Mimi nitahesabu," akasema Mabukwe kutoka mlangoni.

Aliomba katani. Alipiga magoti kwenye tope na kuwapapasa mmojammoja, akiwa amefumba macho. Mimi nilikuwa nawashika vichwa, sikuweza kuona anafunga nini. Kwa Bi Harusi alikaa muda mrefu. Alilaza shavu lake ubavuni mwake, akafunga, akasita, akafunga tena taratibu. "Huyu mpeni maji mengi," akasema, basi.

Akamnyooshea Manyanda kamba. Mzee akarudi nyuma hatua mbili, akaangalia pembeni. "Kwetu nyumbani mali ya tumboni mwenyewe haiangalii. Nitaiangalia wakishazaliwa. Kamba akae nayo mama." Wote wawili, Mrundi na Msukuma, walielewana bila mimi.

23 Februari

Nimetenda dhambi kabla ya misa. Mabukwe alipokwenda kisimani nilipitisha vidole kwenye kamba. Kumi na matatu.

Kondoo tisa, wanakondoo kumi na watatu! Hawa ni kondoo wa kienyeji, wenye mikia ya mafuta, wengi wao huzaa mmoja. Bibi mwenye utando machoni amenifunga kamba shingoni. Wakizaliwa kumi na wawili, mimi ni mwizi.

4 Machi

Mabukwe ametia chumvi kwenye maharage mara mbili. Nimeyala yote nikimwangalia.

11 Machi

Nimeota matumbo yao yana madirisha, na ndani kumewashwa taa. Nikachungulia moja baada ya jingine. Kila nilipochungulia, waliokuwemo walihamia tumbo la pili, wakicheka. Nilipoamka mvua ilikuwa imekatika, na matone yalikuwa yanaanguka upenuni moja moja. Niliyahesabu. Siwezi tena kuacha kuhesabu.

17 Machi

Mto umefurika. Hakuna anayevuka.

Jumapili, 30 Machi, Pasaka

Jana wawili, pacha. Leo mmoja asubuhi, na nilipotoka kanisani mmoja tena kwa mama mwingine. Wanasimama wakiwa bado wamelowa, miguu haielewani, kisha ghafla inaelewana. Nimekaa kwenye majani na nguo yangu ya sikukuu, yule mdogo kuliko wote amelala mapajani. Jua lilikuwa linapita kwenye mvuke wa zizi. Sikuwaza kitu chochote, na hilo kwangu si jambo la kawaida.

3 Aprili

Wanane. Pacha wengine wawili! Nimemchinjia Mabukwe kuku. Alipouliza kuna sherehe gani nilisema hakuna.

7 Aprili

Kumi na mmoja. Amebaki Bi Harusi peke yake, na yamebaki mafundo mawili. Tumbo lake ni dogo, hata mpita njia ataona ni mmoja. Mto umepungua. Mzee Manyanda ametuma neno: anakuja Jumamosi.

Alhamisi, 10 Aprili

Bi Harusi amezaa asubuhi, mvua nyembamba ikinyesha huku jua linawaka. Jike, mweusi, shela la mama yake. Nikangoja. Mchana nikangoja, jioni nikangoja. Kondo ya nyuma haijatoka, lakini hakuna mwingine. Nimebonyeza tumbo lake kama Bwana Mifugo alivyonifundisha. Hakuna kilichorudi kunigonga.

Kumi na wawili.

Ijumaa, 11 Aprili

Mabukwe hana akili tena. Namwandika hivi kwa hasira, na anastahili. Nimewatunza kondoo hawa miezi sita. Nimelala na harufu yao. Hakuna fisi, hakuna ngozi, hakuna hata mmoja aliyekufa, na kesho nitaitwa mwizi kwa sababu ya kizee aliyesahau anafunga nini. Kila nikimtazama anaota moto kwa utulivu ule wake, nataka kumtikisa.

Sikumtikisa. Nilipika. Alipotoka kwenda kwa Spès nilipanda kwenye kigoda, nikaishusha kamba. Fundo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote, nikalifungua kwa meno. Katani ina ladha ya moshi. Nikanyoosha pale palipokuwa na fundo, nikapangusa, nikaitundika ilivyokuwa.

Sijaiba kitu. Nimesahihisha. Walimu husahihisha kila siku. Najiambia hivyo, halafu nasikia ile ladha mdomoni.

Jumamosi, 12 Aprili

Alikuja saa tatu. Hakutaka uji. Alitembea katikati ya wanakondoo, mikono nyuma, akitabasamu peke yake, na niliona kwa mara ya kwanza kwamba si mkali, ni mtu aliyeumizwa na anayempenda kondoo kama mimi. Akawahesabu kwa macho. Kisha akaomba kamba. Mabukwe akaitoa yeye mwenyewe, akampa bila kuipapasa. Alikuwa haoni sababu ya kuipapasa.

Vidole vya Manyanda vilikwenda fundo kwa fundo. "Kumi na mbili na kumi na mbili," akasema. "Mayu, nisamehe. Nilikufikiria vibaya." Akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto, na wangu nilijua ni wa baridi.

Hapo Bi Harusi akapinda mgongo, akalia. Mzee akamwendea. Kondo ilikuwa inatoka, na ndani yake kulikuwa na kitu. Alikitoa taratibu, akakilaza juu ya majani. Kilikuwa kidogo, kikavu, cha rangi ya ngozi ya zamani, kimejikunja, na kilikuwa na kwato. Mwanakondoo aliyefia humo ndani siku nyingi, akakauka, na pacha wake akakua pembeni yake.

"Kumi na watatu," Manyanda akasema kwa sauti ndogo. Akamgeukia Mabukwe, si kwa ubaya: "Mama, huyu mmoja ulimkosa."

Mabukwe akanyoosha mkono. Alipewa kamba. Vidole vyake vikatembea mpaka mwisho, vikarudi, vikasimama. Katani iliyofungwa wiki saba haikubali kunyooka. Aliushika ule mkunjo katikati ya vidole viwili, akaukanda, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Nilingoja aseme jina langu.

"Ndiyo, baba," akasema. "Nilimkosa. Macho yalikwenda, sasa na mikono nayo imezeeka."

Mwanamke ambaye hajawahi kumkosa mtoto wa mtu Katumba nzima. Akasema hivyo mbele ya mgeni, ili mimi nibaki na kondoo. Ningeweza kunyamaza. Niliona wazi kabisa jinsi ambavyo ningeweza kunyamaza, na wanakondoo wangu wanne wakichunga majani juani.

"Hakumkosa!" Nilipiga kelele mpaka kondoo wakatawanyika. "Alimfunga. Mimi nimemfungua. Jana, kwa meno. Nilidhani amechanganyikiwa."

Manyanda alinitazama, kisha akaitazama kamba mkononi mwa mama. Akasogea, akaugusa ule mkunjo. Anafunga ndama kila siku, hakuhitaji kuelezwa.

"Ungeiba kondoo ningejua la kufanya," akasema. "Umeiba fundo. Mama ndiye mwenye kamba, aamue yeye."

Mabukwe hakuamua kwa maneno. Alilifunga upya, palepale kwenye mkunjo, akalikaza kwa meno yake machache. Kisha akasema: "Waliosimama ni kumi na wawili. Wanane wako, baba. Wanne wa mukazana wangu, huyu mkamwana wangu. Huyu wa kumi na tatu ni wangu."

"Sawa," akasema Manyanda. "Lakini mwakani kamba itakaa kwangu." Aliniambia hivyo akinitazama usoni, nami niliinamisha kichwa. Nilistahili. Alisema nichague wanne wangu. Sikuwa na uso wa kuchagua, akanichagulia yeye, na wa kwanza alikuwa binti wa Bi Harusi.

Alipoondoka nilichimba nyuma ya jiko. Mabukwe alikuwa amemfunga yule wa kumi na tatu kwenye kipande cha kanga yake. Nilipomwomba msamaha alinikatiza.

"Ulijua amekufa?" nikauliza. "Siku ile ulijua?"

"Alikuwa hagongi. Lakini alikuwemo."

"Mbona hukusema?"

Alishika udongo, akauacha udondoke. "Nilikuwa nimebeba tulipokimbia, Prisila. Siku ya tatu akaacha kugonga. Nikatembea naye siku sita zaidi. Nilimzaa hapa, nyumba hazijajengwa bado, mvua kama hizi. Karani wa kuandikisha wakimbizi alikuja na daftari. Akaandika waliotembea kwa miguu, akaandika waliobebwa mgongoni. Akaniuliza, mama, watoto sita tu? Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimechoka. Nikasema ndiyo."

Alikaa juu ya udongo ule mpaka jua likaingia mtini, nami nilikaa naye, kondoo wakituzunguka wakitafuna, na sasa nasikia ile polepole.

Jumapili, 13 Aprili

Asubuhi nimezishusha kamba zote kuzipangusa masizi. Ile fupi, nyembamba, nimeipapasa nikiwa nimefumba macho, kama anavyofanya yeye. Sita yamekaa mbalimbali. La saba limekazwa sana, halitafunguka kwa meno ya mtu yeyote.

Daftari hili ni la hesabu, na limebakiwa na ukurasa mmoja. Nimemuuliza Mabukwe angemwita nani. Alifikiri muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu ambacho anajua alikiweka wapi.

Watoto wa Séverine, waliofika Katumba:

1. Jean-Marie
2. Pontien
3. Matilda
4. Lucia
5. Antoni
6. Hilaria
7. Nestori, alikuwemo.